Kapsuli Asubuhi, Unga Jioni

4 Februari

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yote miwili. Uliponiandikia kwamba misuli ya mguu inakubana mpaka unang'ata kola ya shati, nilicheka kwanza, kisha kicheko kikaniishia. Mtu wa miaka sitini na minane haachwi hivihivi abanwe kila alfajiri.

Ndani ya kifurushi kuna kopo la magnesiamu, yale madini yanayolegeza misuli. Duka la dawa ninakofanya kazi lina aina mbili: kapsuli za kumeza, na unga wa kukoroga kwenye maji. Nimekuchagulia kapsuli, na sababu yake utaielewa wewe kuliko mtu yeyote. Kapsuli imeshapimwa. Ya leo na ya kesho zina uzito uleule. Unga unategemea kijiko, kijiko kinategemea mkono, na mkono unategemea mtu ameamkaje. Wewe ni fundi mizani, na ni wewe uliyenifundisha kwamba kipimo cha macho ni uongo uliovaa nguo safi.

Meza moja kila siku baada ya chakula, na glasi iliyojaa maji. Usimruhusu mtu akukorogee chochote.

Halafu, ulipopimwa damu pale zahanati walisemaje? Hukuniambia.

Mwanao,
Ratili


9 Februari

Binti wa mume wangu,

Kifurushi kimefika, na aliyekifungua ni mimi, maana baba yako alikuwa karakanani akisahihisha mizani ya muuza misumari. Barua nimeisoma. Uliikunja tu bila kuifunga, na hata ungeifunga ningeifungua. Nimeitafuta salamu yangu mstari kwa mstari, mpaka nyuma ya karatasi nikageuza. Sikuiona.

Niliyoyaona ni haya: "Usimruhusu mtu akukorogee chochote." Nyumba hii ina watu wawili na paka, na paka hakorogi.

Sasa nisikilize. Baba yako hata kidonge cha kichwa hukimeza kwa kurudisha shingo nyuma kama kuku anayekunywa maji. Kapsuli zako ni ndefu kama maharage. Mimi ni mwalimu wa chekechea, mwaka wa kumi na tisa huu nawanywesha watoto wa watu dawa, na ninalolijua ni kwamba kinachokorogwa huteremka na kisichokorogwa hukwama. Nimenunua unga wa magnesiamu hapahapa kwetu. Kijiko kimoja cha chai kwenye glasi, jioni, mbele ya macho yangu. Hiyo ndiyo dawa yake.

Wewe ni mtu wa dawa, sikatai. Lakini mimi ndiye mtu wa huyu mzee.

Mke wa baba yako


13 Februari

Kwako mke wa baba,

Nimeipata barua. Kuhusu salamu, zilikuwa ndani ya salamu za baba.

Sibishani na mapenzi yako kwake, nabishana na kijiko chako. Kijiko cha chai ni kipi? Kile cha seti ya harusi au kile kilichopinda cha kuchotea sukari? Kilichojaa mpaka kulundika au kilichosawazishwa? Hapa kaunta simpi mtu magnesiamu, awe mwenye tai au mwenye toroli, kabla sijamuuliza maswali matatu: anatumia dawa gani nyingine, moyo wake ukoje, na figo zake zikoje. Figo ndizo zinazoyatoa madini haya yakizidi. Zikichoka, yanajikusanya mwilini na kugeuka sumu. Ndivyo ninavyofanya kwa mtu nisiyemjua, sembuse baba yangu. Aliyekuuzia ule unga alikuuliza nini?

Hata hivyo mwili ni wa baba, basi achague mwenyewe. Kapsuli au unga. Moja. Zote mbili kwa pamoja, hapana, hata kwa siku moja.

Binti yake


18 Februari

Ratili wangu,

Marahaba. Nakuandikia hapa karakanani, juu ya benchi, baada ya kusogeza mizani tatu na chupa ya mafuta. Ningekupigia simu, lakini unaijua sauti yangu nikishika simu: jirani wa tatu huitikia.

Nimechagua. Nameza kapsuli. Kopo lako nimeliweka ndani ya sanduku la mawe ya mizani, na kila asubuhi nikishafungua mlango nameza moja, maji nakunywa kwenye birika. Kweli huwa narudisha shingo, lakini zinapita.

Ila nina ombi. Usimwandikie mama yako mdogo kwamba umeshinda. Wala usilitaje tena jambo hili kwake. Anaona unamfanya mtumishi wa nyumba, na ana moyo mwepesi kuliko mdomo wake unavyoonyesha. Mimi nimeishi miaka arobaini na moja nikiwatenganisha muuzaji na mnunuzi, wote wawili wakiapa kwamba wanaibiwa. Hawanyamazi mpaka sahani mbili za mizani zilingane. Acha nizilinganishe. Barua na vifurushi vyako sasa nitumie hapa karakanani, mkononi mwangu.

Zahanati walinipa karatasi. Ina namba nyingi na mhuri, wakasema nirudi kupimwa tena. Nitarudi. Ni mambo ya kawaida ya umri, usiyabebe.

Jana nimesafisha ile mizani niliyokupimia siku uliyozaliwa, ulipopungua ratili nzima, karibu nusu kilo, kuliko watoto wengine na jina likakuganda. Bado inasema kweli.

Baba yako,
Fundi


20 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Nakuandikia nikiwa na furaha ya kitoto ambayo sina wa kumwonyesha.

Nimeshinda! Juzi Fundi amerudi karakanani, amekaa kitini, amevua kofia, akasema, "Mke wangu, nimeamua. Nitakunywa unga." Basi. Bila kelele. Tangu hapo kila jioni namkorogea, nasimama mlangoni, anakunywa mpaka tone la mwisho na kunipa glasi huku akikunja uso. Amenisihi nisimwandikie binti yake neno, eti Ratili ataona baba kamtupa. Nimekubali. Mshindi wa kweli hapigi vigelegele.

Umeniuliza kwa nini nimelishupalia jambo dogo hivi. Dada, ulikuwepo. Unakumbuka miezi ile ya mwisho ya marehemu mume wangu wa kwanza, figo zimekwisha, amebaki mifupa, na mimi nampa kapsuli mkononi mwangu. Ikamkwama kooni. Alinitazama, dada. Mpaka ilipotoka nilikuwa nimeshakufa mimi. Habari ya lile koo sijamwambia Fundi mpaka leo. Nilimwambia tu kwamba figo ndizo zilizoniachia ujane, na kwamba neno hilo sitaki kulisikia tena ndani ya nyumba yangu. Ameniheshimu mno. Hata redio ikilitaja, huinuka akazima.

Wasalimie wote hapo.

Mdogo wako


2 Machi

Shikamoo baba,

Asante kwa kunisikiliza. Nimefurahi mpaka bosi wangu ameniuliza kama nimeposwa. Na ombi lako nimelitimiza, sijamwandikia mke wako lolote. Naye kanyamaza, kwa hiyo naona ameelewa.

Hiyo karatasi ya zahanati, naomba unisaidie jambo moja. Tafuta mstari ulioandikwa kreatinini, ndio unaoonyesha hali ya figo. Mbele yake pana namba. Ninakili hiyo namba tu, hata nyuma ya risiti, unitumie na gari la vifurushi. Usinieleze kitu kingine chochote, namba tu.

Miguu inaendeleaje?

Ratili


15 Machi

Ratili,

Ukiona mwandiko umelala usidhani naandikia ndani ya gari. Nipo palepale kwenye benchi. Mkono ndio mzito.

Mguu haunibani tena, kwa hilo dawa yako naivulia kofia. Lakini tumbo linaendesha, na kuna uchovu umenikalia mabegani kama gunia. Jana nilikuwa nasahihisha jiwe la gramu hamsini. Unajua kazi yenyewe: jiwe likipungua unafungua tundu la chini, unaongeza chembe ya risasi kwa kibano, unapima tena. Kibano kikaniponyoka. Nikakiokota, kikaniponyoka tena. Mara ya tatu jiwe lenyewe likaanguka sakafuni likameguka ukingo. Miaka arobaini na moja sijaangusha jiwe la mteja. Nilikaa nikalitazama, na nikaona aibu ingawa nilikuwa peke yangu.

Hata kope zinataka kufunga mchana kweupe. Mama yako mdogo anasema nimeanza uzee kwa pupa.

Ule mstari ulioutaka, karatasi imekunjika hapohapo na wino umefutika. Si kitu. Niambie tu nifanyeje na mkono, maana mwenye ghala la nafaka ananisubiri, na fundi mizani anayeangusha mawe bora auze maji.

Baba yako


19 Machi

Shikamoo baba,

Naandika haraka, tunahesabu dawa zote dukani na foleni iko hadi nje.

Uchovu na misuli kukosa nguvu ni dalili za mtu ambaye madini bado hayajamtosha. Moja kwa siku ilikuwa kidogo kwa mtu wa umbo lako. Kuanzia leo meza mbili, asubuhi na mchana. Nimekuwekea kopo jingine. Tumbo litatulia, mwili unazoea.

Na usiniletee habari za karatasi iliyokunjika hapohapo nilipouliza. Mimi si muuza misumari. Rudi zahanati wiki hii.

Jiwe litachongwa jingine. Usione aibu.

Ratili


27 Machi

Binti wa mume wangu,

Sikupenda kukuandikia mimi kwanza, lakini leo sina mahali pa kuweka kiburi.

Baba yako si mzima. Jumanne nilimpelekea chakula karakanani nikamkuta amelaza shavu juu ya sahani ya mizani, anakoroma, mlango wazi na wateja wawili wamesimama wanatazamana. Nimemwamsha, kope hazipandi. Anaongea kama ulimi umevimba. Juzi alishindwa kufunga kifungo cha shati, akaniambia, "Kifungo kimekuwa kidogo." Kifungo ni kilekile. Leo asubuhi alitaka kusimama, miguu ikakataa. Kukataa tu, bila maumivu, kama si yake.

Nilidhani ni udhaifu. Wiki iliyopita nikamwongezea kijiko cha pili cha ule unga wa magnesiamu, jioni na alfajiri. Tangu siku ile ndiyo anazidi kuzama. Nakuuliza wewe kwa sababu huu ndio ujuzi wako: unga huu niuache au niuongeze? Najua ulitaka kapsuli. Mzee akachagua unga, na nilikuwa nimemwahidi nisikutajie. Nimevunja ahadi. Nicheke baadaye, sasa nijibu.

Simu yetu moja imeingia maji. Jibu kwa gari la kwanza.

Mke wa baba yako


29 Machi, saa mbili asubuhi

Mama,

Acha unga. Acha kila kitu. Usimpe hata punje.

Baba alichagua kapsuli. Aliniandikia kwa mkono wake. Amekuwa akimeza moja kila asubuhi tangu Februari, na tangu wiki iliyopita mbili, kwa sababu mimi nilimwambia aongeze. Kopo liko karakanani ndani ya sanduku la mawe ya mizani. Amekuwa akila kapsuli zangu mchana na unga wako jioni ili asitukosee sisi wawili.

Fanya hivi sasa hivi. Mpeleke hospitali kubwa, si zahanati. Chukua kopo la kapsuli, kopo la unga, na karatasi yake ya damu, nayo naamini iko ndani ya sanduku hilohilo. Waambie neno hili: magnesiamu imezidi mwilini. Lirudie mpaka mtu aliandike. Wakikwambia mkae kwenye benchi msubiri, usikae.

Nimejaribu simu yenu mara nane. Nimempata kwa simu fundi viatu wa mkabala na karakana, ameahidi kuja na gari. Kama ameshafika kabla ya barua hii, basi hii ni ya kumwonyesha daktari. Nimempa dereva wa gari la asubuhi mkononi. Mimi nafuata na la mchana, nikishakabidhi funguo za kabati la dawa. Siruhusiwi kutoka nazo.

Ratili


5 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Naandikia kwenye korido ya wodi ya wanaume, karatasi juu ya goti. Yu hai. Nimeanza na hilo ili usiangushe barua.

Fundi viatu alikuja akipiga hodi kama mwenye kudai. Tukaenda karakanani kwanza, nikalifungua sanduku la mawe. Dada, unalijua lile sanduku, kila jiwe na shimo lake, kutoka kubwa hadi lile dogo kama punje ya mchele. Katika shimo la jiwe la kilo moja palikuwa na kopo la kapsuli. Chini ya kitambaa palikuwa na karatasi ya zahanati imekunjwa mara nne. Wino haukufutika hata kidogo. Mtu alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Figo zote mbili dhaifu. Arudi haraka." Tarehe ya Januari.

Januari! Alikuwa anajua kabla ya kopo la kwanza. Ila hakujua kwamba figo na dawa hii haviivi chungu kimoja. Ratili alinieleza mimi, kwenye barua yake, na barua ile niliitia jikoni kwa hasira. Binti alijua habari ya dawa, Fundi alijua habari ya figo, na mimi niliyeambiwa nikachoma. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake mkononi.

Daktari alimgonga goti kwa nyundo ya mpira. Mguu haukuruka. Akagonga tena, akamtazama nesi, na nesi akaanza kukimbia. Walimtundikia dawa ya mshipani ya kuuamsha moyo, kisha wakamweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Mashine ileile ya marehemu, dada. Sauti ileile.

Ratili alifika jioni na kibegi kimoja. Hatukusalimiana. Alisema, "Ulikuwa unamwekea vijiko vingapi?" Nikasema, "Na wewe ulimwambia ameze ngapi?" Tukapigiana kelele mbele ya wagonjwa mpaka nesi akatutoa nje kama watoto. Huko nje Ratili alinyoosha mkono akanipa nusu ya mkate wake, nami nikaula, na hatukutazamana.

Siku ya tatu Fundi amefungua macho. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia habari ya figo. Alichukua muda mrefu kuupata ulimi. Akasema, "Ulisema hutaki kulisikia hilo neno nyumbani." Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini huyu maradhi aliyaficha kwa kunitii mimi. Nimemwambia yote sasa, hata habari ya lile koo la marehemu. Tumelia wote wawili, na nesi akatufukuza tena.

Mdogo wako


14 Aprili

Shikamoo mama,

Nimerudi kazini. Siku ya kwanza alikuja mzee mmoja, seremala, akataka magnesiamu kwa ajili ya miguu yake. Nikamuuliza: unatumia dawa gani nyingine? Moyo wako ukoje? Figo zako zikoje? Maswali yakanitoka mdomoni yenyewe, kama kawaida. Kisha nikashindwa kuendelea. Bosi amenipeleka chumba cha nyuma nikakaa juu ya maboksi.

Kila mtu nilimuuliza, mama. Baba nilimuuliza namba, akanikwepa, na nilijua ananikwepa. Mteja angenikwepa hivyo nisingempa dawa. Kwa baba nikaongeza. Sababu haikuwa foleni peke yake. Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka kapsuli zionekane zimefanya kazi. Hili sijamwambia mtu, nimekwambia wewe kwanza, kwa sababu wewe uliniandikia "nicheke baadaye" na bado ukauliza.

Sasa jambo jingine, na nakuomba usilichome. Nataka baba aje aishi kwangu. Hapa hospitali yenye mashine iko hatua mia tatu kutoka mlangoni, na dawa zake zitapita mikononi mwangu. Huko kwenu kliniki ni mara moja kwa wiki, na mashine ikiharibika hakuna nyingine. Chumba ninacho. Sikunyang'anyi mume. Njoo naye kama unaweza kuiacha chekechea.

Muulize. Lakini muulize barua hii ikiwa mezani, ili safari hii asitoe majibu mawili kwa watu wawili. Mshika mbili moja humponyoka, na sisi nusura imponyoke roho.

Mwanao,
Ratili


22 Aprili

Ratili wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo safari hii hukuniandikia mimi. Anayeandika ni mama yako mdogo, anayesema ni mimi. Nimemwambia aandike kila neno bila kupunguza. (Naandika. Asitafute sababu.)

Mkono unarudi polepole. Daktari anasema nguvu za misuli zitarejea karibu zote, ila figo hazirudi zilikokuwa, na kazi iliyobaki ni kuzitunza hizi zilizochoka. Sasa zinafanya kazi kama theluthi moja. Mashine nimeshaachishwa, kliniki ni kila Jumatatu. Jumatatu hii daktari aliniuliza natumia dawa gani. Nilitaja zote, moja moja, mbele ya mama yako mdogo, kisha nikasema mwenyewe kwa sauti kwamba nina ugonjwa wa figo. (Alisema kama ameshika simu. Korido nzima iligeuka.)

Mwanangu, umejiandikia hukumu nzito. Mimi ndiye niliyesema ndiyo mara mbili. Wewe uliponiambia kapsuli nikasema ndiyo, jioni mke wangu akasema unga nikasema ndiyo, na nilijiona fundi kweli, sahani mbili zimelingana na hakuna anayelia. Kila asubuhi nikimeza nilikuwa nawaza, huyu wa mbali amefurahi. Kila jioni nikinywa nilikuwa nawaza, huyu wa karibu amefurahi. Sikujiuliza hata siku moja kinachowekwa juu ya sahani zile ni nini. Kilikuwa ni mimi.

Barua yako tumeiweka mezani kama ulivyoagiza. Mama yako mdogo ameisoma mara tatu, kisha akaniambia, "Nenda. Mashine ya huko ni nzuri, na mtoto anajua kazi yake." Amesema huku anakunja shati zangu. (Nilisema kweli. Hata sasa nasema aende.)

Kwa hiyo leo mnataka jambo moja, nyote wawili, na kila mmoja ananitakia uzima. Zamani ningekwisha kufunga begi. Nisingeweza kulala nikijua kuna mtu nimemnyima alichoniomba.

Lakini hapa ndipo mahali pangu. Nataka kufungua mlango wa karakana, hata kama ni kwa saa moja, na kumchongea yule mteja jiwe lake jipya. Nataka kukaa na mke wangu ndani ya nyumba ambayo sasa kila neno linasemwa. Namba za damu utazipata kila Jumatatu, na ule mstari wako utakuwa wa kwanza, mama yako mdogo atazinakili. Siku zikivuka alama atakayoiweka daktari, nitapanda gari bila kuitwa. Siku hiyo haijafika.

Hayo yote ameandika yeye. Neno la jibu nimetaka niliandike mwenyewe, ulione kwa mwandiko wangu, usije ukadhani mtu amenisemea. (Nimempa kalamu. Imemponyoka mara moja. Sikuiokota, amekataa nimsaidie, ameinama ameichukua mwenyewe.)

Hapana.

Baba yako